Kumi na Mmoja Kwenye Karatasi

Alhamisi, tarehe 8 Februari. Saa mbili usiku, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Upepo hakuna, mwezi hakuna. Mawingu yamelala juu ya bahari. Bara, anga safi.

Heaika Nutti aliandika hayo katika daftari la basi, kama alivyofanya kila safari kwa majira manane ya baridi, kisha akasimama mlangoni mwa stoo ya kampuni ya watalii pale Alta, pwani ya kaskazini ya mbali, akiwatazama wageni wake wakihangaika kuvaa. Kila mmoja alipewa ovaroli nzito ya buluu, kofia ya buluu, na viatu vyenye soli nene kama tofali. Wakishavaa, mtu mwingine angeapa kwamba wanafanana kama mayai ya trei moja. Heaika hakuona hivyo. Yeye alikuwa akiwasoma.

Muuza nyama wa Kiholanzi, Wouter, mrefu, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Binti wa Kireno, Leocádia, hawezi kusimama bila kurukaruka. Mama wa Kijapani aitwaye Hisako, miaka sabini na miwili, amekuja peke yake, hatua fupi za kuburuta kisigino, na skafu nyeupe ya sufu aliyoizungusha shingoni mara tatu. Na wengine wanane, kila mmoja na chake. Dakika kumi zilimtosha.

"Viatu vyenu vikubwa," mama Hisako alimwambia, akiinua mguu uliokuwa ukielea ndani ya kiatu. "Mimi naenda, vyenyewe vinabaki."

"Hivyo ndivyo vidogo kuliko vyote, mama."

"Basi nivae vyangu. Vina manyoya ndani."

Heaika alivitazama vile viatu vya mjini, vilivyobana mbele. Alijua havifai. Lakini wenzake walikuwa wanangoja, na anga safi halina subira. "Haya, mama. Ila vidole vikianza kuuma uniambie mapema, usinionee haya."

Solbjørg, mwenye kampuni, alitoka ofisini na ubao wake wa karatasi. Alikuwa mwanamke wa pwani, binti wa wavuvi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya maji.

"Heaika. Hesabu."

"Nimeshawaona."

"Sikukuuliza kama umewaona. Nimesema hesabu. Moja, mbili, tatu, kwa mdomo, kama mtoto wa chekechea. Hapa, na kila mnapotaka kuondoka mahali."

"Kumi na mmoja," Heaika alisema, akaandika 11, akatia sahihi. Namba aliisoma kwenye orodha.

Solbjørg alimtazama, akatikisa kichwa. "Ipo siku, bwana wewe. Ipo siku."

Kwao Heaika, Kautokeino, huko bara uwandani, kumuuliza mfugaji ana kulungu wangapi wa theluji ni sawa na kumpekua mifukoni. Na mwenye kundi mwenyewe hataji idadi, hata moyoni, kwa sababu kilichohesabiwa kimekwisha kuonyeshwa njia ya kupungua. Baba yake alikuwa akisimama kilimani, mikono nyuma, kundi likipita chini yake kama mto wa manyoya, halafu anasema: "Yule jike wa pembe iliyopinda hayupo. Na ndama wake." Basi. Watu wakienda kutafuta wanamkuta huyo huyo, na ndama wake. Heaika alirithi jicho hilo. Pikipiki ya theluji ilipomwangukia na kumharibia goti, alimwachia mdogo wake Ánot kundi lote, akashuka pwani kutafuta kazi ya kukaa kwenye kiti. Kampuni ilimpa basi, koti na karatasi za kujaza. Jicho lilikuwa lake. Kuanza kunyooshea watu kidole, mmoja, wawili, watatu, kungekuwa kukiri kwamba hata hilo limebaki kule uwandani pamoja na kulungu.

Kwa majira manane hakupoteza hata mtu mmoja.

Walipanda bonde la mto, wakayaacha mawingu nyuma. Baada ya saa nzima Heaika aliliegesha basi kando ya barabara, karibu na ziwa dogo lililoganda, akawashukisha, akawasha moto mahali pake pa siku zote, akawatandikia ngozi za kulungu kuuzunguka. Akawagawia mchuzi wa nyama na viazi katika vikombe vya mti. Halafu akawaambia maneno ambayo huwaambia kila safari.

"Ukipotea, usitembee. Kaa hapo hapo ulipo, mimi nitakuja. La pili. Kwetu, mianga ya kaskazini, hii mliyokuja kuiona angani, ikitoka hatupigi kelele. Hatuipungii mkono. Na mluzi ndiyo kabisa, mwiko. Ukiipigia mluzi inashuka kukuchukua."

"Wewe mwenyewe unaamini hayo?" Wouter aliuliza, mdomo umejaa viazi.

"Mimi nina cheti cha kuongoza watalii, bwana."

Wakacheka.

"Lakini mluzi sipigi," Heaika akamalizia.

Saa nne na dakika kumi ilianza, mstari mmoja wa kijani kibichi juu ya ziwa, hafifu kama moshi wa sigara. Kisha mstari ukavimba, ukagawanyika, ukaanza kutetemeka kama pazia ambalo mtu amelipitia nyuma. Ukingoni likatokea pindo la waridi. Leocádia aliweka mikono mdomoni. Wouter, masikini, furaha ikamzidi, akatoa mluzi mrefu uliovuka ziwa na kurudi.

Heaika alimshika mkono wa ovaroli. "Bwana Wouter!"

"Umenitoka wenyewe. Samahani. Samahani sana."

Mama Hisako, aliyekuwa amekaa jirani na muuza nyama, alimtupia jicho kali, akainuka, akachukua ngozi yake, akasogea pembeni. Heaika alimwona akisogea. Akadhani ni hatua mbili tatu.

Kila nusu saa alikwenda barabarani kuwasha injini, iungurume kidogo, isije ikaganda. Saa tano na nusu aliamua inatosha. Hakuwaita. Chini ya mianga haiti mtu. Hupita kwa mmoja mmoja na kumgusa bega. Aliwagusa, wakainuka kama watu wanaotoka usingizini, wakaelekea kwenye basi. Akaufukia moto kwa theluji, akakunja ngozi, akazifunga kamba bila kuzihesabu nazo. Kisha akapanda, akasimama mbele, mikono nyuma, akawapitishia macho kiti kwa kiti, kwa mwanga ule hafifu wa darini. Mwenye ndoo mbili, yupo. Mume na mke wanaonuniana, wapo. Kiti cha nyuma kabisa, dirishani, skafu nyeupe, kichwa kimeinama, amelala. Yupo.

Akaandika 11. Akatia sahihi. Wakaondoka.

Mwendo wa dakika ishirini kulikuwa na nyumba ya wageni ya mlimani, ambako mabasi yote husimama kwa ajili ya choo na kahawa. Watu walishuka wakipiga miayo. Heaika alikuwa akinyoosha goti wakati Leocádia alipomjia, skafu nyeupe mikononi, imekunjwa vizuri.

"Kaka, yule mama amekaa wapi? Nataka nimrudishie. Alinivalisha shingoni kwa lazima. Aliniambia, 'Vaa, mwanangu, mimi nimevaa za ndani tatu.'"

Heaika aliitazama ile skafu.

"Alikupa lini?"

"Tulipofika tu. Kabla hata ya mchuzi." Binti akaacha kurukaruka. "Kaka? Si yumo ndani ya basi?"

Heaika aligeuka. Aliingia ndani ya basi akaenda mpaka kiti cha nyuma, akapapasa chini ya viti kwa mkono, kama kwamba mtu mzima anaweza kuwa ameanguka pale kama sarafu. Aliporudi mlangoni uso wake ulikuwa umekauka. Akamwambia mama wa nyumba ya wageni apige simu kwa gari la wagonjwa lije mpaka ziwani, na akawaomba wageni wakae ndani, penye joto.

"Mimi nakuja," Wouter alisema. Alikwisha kukaa kiti cha mbele. "Usinibishie. Endesha."

Njia ile Heaika aliijua kwa kila kona, na ile siku kila kona ilikuwa imerefushwa. Alipiga hesabu, yeye asiyehesabu: dakika ishirini za kwenda, tano za kupapasa viti, ishirini za kurudi. Na kabla ya hapo? Nyuzi ishirini na sita. Viatu vya mjini. Vidole vya mtu wa miaka sabini na miwili.

"Mimi nilikuwa jirani yake," Wouter alisema. "Aliondoka kwa ajili yangu. Kwa ajili ya ule mluzi."

"Mwenye basi ni mimi, bwana."

"Ulimwona kwenye kiti?"

"Niliona skafu."

Mianga ilikuwa haijaondoka. Ilikuwa imejaa sasa, anga zima, kijani kwa waridi, ikigeuka geuka juu ya ziwa. Walipofika mahali pa moto hapakuwa na mtu. Shimo la majivu, theluji iliyokanyagwa, kimya kinachouma masikio.

"Piga filimbi," Wouter alinong'ona.

Filimbi ya plastiki ya rangi ya chungwa ilikuwa imening'inia kifuani mwa Heaika. Kampuni huwapa waongozaji wote. Kwa miaka minane hakuwahi kuitia mdomoni, hata kuijaribu.

"Si unayo shingoni?"

"Ninayo."

"Sasa? Unangoja nini?"

Heaika alitazama juu. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwenye cheti ukutani, na alijiona tena mtoto aliyekuwa akifungiwa ndani na nyanya yake usiku wa namna hii. Wouter alisimama akimtazama. Angeweza kupiga mluzi mwenyewe, lakini kwa namna alivyokaripiwa, hakuthubutu. Mwishowe Heaika alifumba macho akapuliza. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu, ndefu. Sauti ilivuka ziwa ikarudi.

Hakuna aliyejibu.

Hofu iliyompata hapo hakuwahi kumsimulia mtu vizuri. Hakuwa na hofu ya kuchukuliwa yeye. Alihofia kwamba ameiita mianga, na kwamba kuna mtu mwingine nje aliye peke yake, asiye na wa kumkinga.

Akalazimisha kichwa kishuke. Akafanya alichofundishwa: aliwasha tochi ya kichwani, akazunguka nje ya theluji iliyokanyagwa, pole pole, akiisoma. Nyayo za soli kama tofali, za kwenda kwenye basi. Za soli kama tofali, za mtu aliyekwenda haja. Kisha, nyuma ya mawe, nyayo ndogo, nyembamba mbele, hatua fupi, na kila kisigino kimeacha mkia.

"Huyu," alisema.

Zilikwenda hatua mia na hamsini, zikakizunguka kilima chenye miti mifupi, zikashuka ukingoni mwa ziwa. Mama Hisako alikuwa amekaa juu ya ngozi ya kulungu, magoti kifuani, mgongo kwao. Hakutikisika. Heaika alipiga magoti mbele yake, goti bovu na goti zima. Nyusi za mama zilikuwa zimeota barafu. Macho yalikuwa wazi.

Yakahama. Yakamtazama.

"Tunaondoka sasa?" aliuliza. Midomo haikumtii vizuri.

Heaika alimkunjia ngozi miguuni.

"Mimi nawashukuru," mama aliendelea, taratibu, neno moja moja. "Mwanzoni kelele ilikuwa nyingi. Nikasikia gari likiunguruma, nikasema, anapasha injini. Halafu mkanyamaza wote. Nikasema, kumbe maneno yake wameyasikia. Watu wazima kumi, na hakuna hata anayekohoa." Akapumua. "Ila kuna mmoja kapiga filimbi sasa hivi. Ni yule muuza nyama tena. Sikugeuka hata kumtazama. Hana adabu."

Wouter, nyuma yao, alijifunika uso kwa mikono.

Walimbeba ndani ya ngozi yake mpaka kwenye basi. Heaika alimvua viatu. Vidole viwili vya mguu wa kulia vilikuwa vyeupe kama nta ya mshumaa, vigumu. Alifungua koti na shati, akaiweka miguu ile miwili juu ya tumbo lake, akaikumbatia, mpaka taa za gari la wagonjwa zilipoonekana mbali kwenye bonde. Mama alianza kutetemeka, na kutetemeka ni dalili njema. Hapo ndipo alipouliza:

"Wengine wako wapi?"

Heaika angeweza kusema wamekwenda kunywa kahawa, wanatungoja. Isingekuwa hata uwongo.

"Tulikuacha, mama," alisema. "Niliondoka nao nikakuacha. Tumekwenda mwendo wa dakika ishirini ndipo nikajua. Wale uliodhani wako nyuma yako wakati wote ule, hawakuwapo."

Miguu ya mama Hisako ilikuwa bado tumboni mwa Heaika.

"Hakukuwa na mtu," mama alisema.

"Hakukuwa na mtu."

Mama alitazama dirishani, upande wa ziwa, na Heaika akaona hofu ikimwingia sasa, baada ya kila kitu, katika basi lenye joto.

Asubuhi, Ijumaa, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, mawingu. Heaika hakuwa amelala. Saa mbili alikuwa hospitalini. Daktari alimwambia kwamba mtu mwenyewe yu salama. Vidole viwili bado haijulikani, itachukua siku, pengine majuma, kujua kama vitabaki. Mama alikuwa macho. Leocádia alikwisha kufika mapema kumletea skafu yake. Ilikuwa juu ya mto wa kitanda.

"Nimeota ule ukimya," mama alimwambia Heaika. Hakumkaripia, wala hakumwambia kwamba si kitu. "Jana nilikuwa nimeupenda."

Alikaa naye kidogo, kisha akaenda ofisini.

Solbjørg alikuwa na karatasi mezani. Na yeye hakuwa amelala.

"Kaa. Polisi watakuja saa tano, ni kawaida tu, mtu akiumia wanakuja. Nisikilize kabla hujasema neno." Aligeuza ubao. "Karatasi inasema kumi na mmoja. Ziwani, saa tano na dakika thelathini na nane, kumi na mmoja, sahihi yako. Maana yake ulihesabu. Maana yake yule mama alipanda, halafu akashuka tena wakati umekwenda mbele. Wazee hufanya hivyo. Umenielewa?"

"Hakupanda."

"Heaika."

"Sikuhesabu, Solbjørg. Hiyo namba niliinakili. Zote nilizinakili. Fungua miaka minane nyuma, hakuna hata moja niliyohesabu."

Solbjørg alimtazama, sauti yake ya ng'ambo ya maji imekwisha. "Unajua unaniambia nini? Nikishasikia hayo siwezi kukupa basi. Si wiki hii tu. Labda kabisa. Na kule kwa Ánot, kwa goti hilo, huna cha kufanya."

"Najua."

"Basi angalau sema uliwaangalia. Uliwaangalia, si ndiyo?"

"Niliwaangalia wote," Heaika alisema. "Ndiyo maana nilimwacha."

Aliweka ufunguo wa basi mezani, na ile filimbi ya rangi ya chungwa. Solbjørg aliisukuma filimbi kwa kidole irudi kwa Heaika, ufunguo akauchukua.

"Ovaroli za jana bado mbichi," alisema, macho kwenye karatasi. "Mtu azitundike."

Heaika alikwenda stoo. Ovaroli zilikuwa zimetupwa kwa lundo, kama kawaida ya wageni waliochoka. Alizitundika kwenye vigingi, mikono ikining'inia, buluu kwa buluu, zikanyooka ukutani. Alirudi mlangoni akazitazama, mikono nyuma, kwa mazoea. Kisha akaitoa mikono mbele. Akasogea mpaka ya kwanza, akaigusa bega, akasema kwa sauti, kwa lugha ya baba yake, "Moja." Akaigusa ya pili. Zilikuwa kumi, alirudia mara mbili tangu mwanzo, kigingi kwa kigingi, mpaka alipokumbuka kwamba ya kumi na moja iko hospitalini. Akavaa koti, akaenda kuichukua.